Uteuzi asilia si 'mwenye nguvu mpishe'

Aghalabu madarasani hufunzwa kwamba uteuzi asilia maana yake ni wenye nguvu kuishi na wanyonge kuangamia. Yaani methali yetu ya mwenye nguvu mpishe, iliyovishwa joho la sayansi. Nashikilia kwamba fasiri hiyo ni potofu, na kwamba dawa yake imo katika hisabati, somo ambalo wanafunzi wengi wa bayolojia hulikwepa.

Charles Darwin alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, hoja yake aliijenga kwa maneno, si kwa milinganyo. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alimbana. Kwa kuwa sifa za wazazi zilidhaniwa kuchanganyika kama rangi, sifa mpya iliyo njema ingefifia kizazi baada ya kizazi kabla haijaenea. Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1866 na mtawa Gregor Mendel, aliyechunguza njegere: sifa hurithiwa kwa chembe zisizoyeyukiana. Lakini dunia haikulitambua hadi mwaka 1900.

Mwaka 1908 G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba katika jamii kubwa inayozaana bila upendeleo, viwango vya jeni havibadiliki pasipo cha kuvibadilisha. Juu ya msingi huo R. A. Fisher, J. B. S. Haldane na Mmarekani Sewall Wright wakaijenga nadharia kamili.

Mfano bora tunao hapa nyumbani. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria, ilhali anayerithi mbili huugua.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba malaria huua mtoto 1 kati ya kila 10 wasio na jeni hiyo. Wenye nakala moja hunusurika wote, na wenye mbili hufa wote kabla ya kuzaa. Hesabu yaonyesha kwamba jeni hiyo haitatoweka wala haitatawala. Itatulia kwenye fungu 1 katika 11. Iondoe malaria, nayo itaanza kupungua. Je, mwenye nguvu hapo ni nani? Swali lenyewe halina maana mpaka utaje mahali.

Ndiyo maana nasema ubora katika milinganyo hii ni hesabu ya uzao katika mazingira fulani, wala si cheo cha utu. Fisher mwenyewe alijaza takriban thuluthi ya kitabu chake cha 1930 kwa mawazo kuhusu jamii ya binadamu, akitetea itikadi ya kuboresha kizazi kwa kuchagua nani azae zaidi. Mlinganyo haukumtuma huko. Mlinganyo hutuambia litakalofuata iwapo masharti fulani yatatimia. Hautuambii lipi ni jema.

Walimu wa bayolojia na wa hisabati wangeketi pamoja, wakawapa wanafunzi hesabu ya selimundu waifanye kwa mikono yao. Mwanafunzi aliyeikokotoa mwenyewe hatadanganyika kwa urahisi atakapoambiwa kwamba sayansi imekwisha kuamua ni watu gani walio bora kuliko wengine.