Maji Yanapoitolea Dhahabu Ushahidi

Aliyewahi kuteka maji kisimani anaijua hali hii: ndoo iliyojaa huwa nyepesi ingali majini, na mara inapotoka, kamba huukaza mkono. Uzito wa ndoo haukuongezeka. Maji ndiyo yaliyoacha kuibeba. Kila kinachozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyahamisha. Kanuni hiyo tumerithi kwa Archimedes, mwanachuoni wa Kiyunani.

Waislamu waliotutangulia waliipeleka elimu hiyo sokoni. Mwaka 515 Hijria (1121 Miladia), katika zama za Sultani Sanjar, Abdurrahman al-Khazini wa mji wa Merv, ulioko Turkmenistan ya leo, aliandika kitabu alichokiita Mizani ya Hekima. Mwanachuoni huyo alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Alieleza mizani ambayo sahani yake moja huzamishwa majini ili kutenganisha dhahabu safi na iliyoghushiwa. Alibainisha pia kwamba hata hewa huvibeba vitu, ijapokuwa kidogo mno.

Tutazame hesabu yake. Kipande cha dhahabu safi cha gramu 58 huhamisha takriban gramu 3 za maji. Kikining'inizwa majini bila kugusa chombo, mizani itaonyesha gramu 55. Fedha ya gramu 58, kwa kuwa ni kubwa zaidi kwa umbo, itaonyesha kama gramu 52.5, na shaba 51.5. Hewani vyote vililingana. Majini kila kimoja kimejitaja.

Hata hivyo, tusiharakishe kumtuhumu sonara. Dhahabu ya karati 18 ina robo ya madini mengine, na si ghushi maadamu mnunuzi ameelezwa. Kito au uwazi ndani ya mkufu hupotosha kipimo. Nayo tangsteni inakaribiana mno na dhahabu, hata maji pekee hayaifichui.

Mahari ya binti na akiba ya mjane mara nyingi hukaa katika dhahabu. Kwa hiyo tuulize karati, tudai stakabadhi yenye uzito na karati, na tunapotilia shaka tupime. Surat al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo. Na kipimo cha haki si cha uzito tu, bali pia cha kile kinachopimwa.