Tofali la Plastiki na Ubunifu wa Vyombo vya Angani

Msafiri anayeifuata Barabara ya Bagamoyo, akapita Tegeta na Boko hadi Bunju, hakosi kuona kando ya njia viwanja vya mafundi wa matofali. Mchanga, saruji na maji hushindiliwa katika kalibu ya chuma. Tofali hutolewa bichi, huanikwa, na humwagiliwa maji kwa siku kadhaa ili likomae. Saruji yenyewe haitoki mbali, kwani kiwanda cha Wazo kilichoanza kazi mwaka 1966 kipo jirani. Tofali hilo, pamoja na uimara wake wote, haliwezi kumshika mwenziwe. Lazima fundi aliunganishe kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, na likishaungana halitenguliki ila kwa kuvunjwa.

Lipo tofali jingine, dogo mithili ya ncha ya kidole gumba, ambalo humshika mwenziwe bila gundi wala saruji, hutenganishwa kwa mkono, na huunganishwa tena mara nyingi bila kulegea. Hilo ni tofali la plastiki ambalo watoto wa nchi nyingi hulichezea, na ambalo watu wazima wengi siku hizi hulitumia kubuni vyombo vya hadithi za kisayansi: merikebu za angani, vituo vya mwezini, mitambo ya sayari zisizokuwapo. Matofali hayo ni ghali, na shule nyingi zetu hazinayo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya ubunifu hufanyika kabla tofali la kwanza halijashikwa, na sehemu hiyo haihitaji fedha.

Yafaa kwanza kueleza namna tofali hilo linavyoshika. Mnamo miaka ya 1940 Mwingereza Hilary Fisher Page alitengeneza matofali ya plastiki yenye vinundu juu na uwazi chini. Kampuni ya Lego ya mjini Billund, Denmark, ilitoa matofali ya namna hiyo mwaka 1949. Yalipangika, lakini mshiko wake ulikuwa dhaifu. Jengo likiinuliwa liliachana. Dawa ilipatikana katika hataza iliyoombwa na kampuni hiyo tarehe 28 Januari 1958: ndani ya tofali, upande wa chini, iliwekwa mirija ya duara. Tangu hapo kila kinundu kinachoingia chini ya tofali hubanwa baina ya mrija na ukuta.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukokotoa mwenyewe upana wa mrija huo. Umbali kutoka kitovu cha kinundu kimoja hadi cha jirani yake ni milimita 8, na kipenyo cha kinundu ni milimita 4.8. Mrija hukaa katikati ya vinundu vinne vilivyopangwa mraba. Kwa kanuni ya Pythagoras, ulalo wa mraba huo ni kipeuo cha pili cha 64 + 64, yaani milimita 11.31. Ukiondoa nusu-kipenyo cha kinundu katika kila ncha ya ulalo, jumla milimita 4.8, hubaki milimita 6.51. Huo ndio upana wa mrija. Ukipungua kwa sehemu ya kumi ya milimita, mshiko hutoweka. Ukizidi kwa kiasi hicho, mtoto hawezi kulisukuma tofali likaingia. Ndiyo sababu kalibu za matofali haya hutengenezwa kwa usahihi wa sehemu chache za elfu za milimita, jambo ambalo fundi wa Bunju hana haja nalo, maana saruji yake huziba kila kosa.

Aina ya plastiki nayo ina neno lake. Plastiki ya mwanzo ilipinda kadiri miaka ilivyopita, na matofali yakaacha kulingana. Mwaka 1963 ilianza kutumika plastiki iitwayo ABS, ambayo ni ngumu lakini ina unyumbufu kidogo: ukuta wa tofali husukumwa nje kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kisha hutaka kurudi mahali pake, na kule kutaka kurudi ndiko kunakokigandamiza kinundu. Msuguano hufanya kazi iliyobaki.

Baada ya mshiko linakuja swali la wingi. Matofali mawili yanayofanana, kila moja lenye safu mbili za vinundu vinne, yanaweza kupandana kwa namna ngapi? Yakielekea upande mmoja, la juu laweza kukaa mahali 7 kwa urefu na 3 kwa upana, jumla 21. Yakikingamana, ni mahali 5 kwa 5, jumla 25. Hizo ni namna 46. Lakini nyingi huwa jozi, kwani jengo moja likizungushwa nusu duara huwa sawa na jingine. Ni mbili tu zisizo na jozi, zile ambamo vitovu vya matofali hukutana. Basi jibu ni 24. Kwa matofali matatu jibu ni 1,060. Kwa matofali sita kampuni yenyewe iliwahi kutangaza namna 102,981,500, na hesabu hiyo ikaaminiwa kwa miaka mingi, hadi Søren Eilers, mwanahisabati wa Denmark, alipoonyesha kwamba iliyahesabu majengo yenye ghorofa sita tu na kuyasahau yale mafupi. Hesabu kamili, iliyopatikana kwa kompyuta, ni 915,103,765. Walimu wa hisabati watalifurahia kosa hilo kuliko jibu lenyewe.

Sasa tuseme mwanafunzi wa Bunju anataka kubuni daladala ya angani, inayochukua abiria kutoka duniani hadi mwezini. Kitu cha kwanza ni uwiano. Mwanasesere wa matofali haya, aliyeanza kutolewa katika umbo lake la sasa mwaka 1978, ana kimo cha karibu milimita 40. Mtu wa kimo cha sentimita 170 atakuwa amepunguzwa mara 42 hivi. Basi dogo lenye urefu wa meta 7 litakuwa na milimita 167, yaani vinundu 21. Na upana wa meta 2 utakuwa milimita 48, yaani vinundu 6.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuta mbili huchukua vinundu 2, hubaki 4. Mwanasesere ni mnene kupita kiasi cha binadamu: mabega yake huchukua vinundu 2. Kwa hiyo abiria wawili wakiketi sambamba hakibaki hata kinundu kimoja cha njia, na konda hana pa kusimama. Uwiano wa kimo na uwiano wa upana haupatani, na mbunifu hana budi kuchagua ni upi atakaoutii.

Jambo la pili ni umbo. Vyombo vingi vya hadithi hupewa mabawa marefu na pua iliyochongoka, kana kwamba angani kuna hewa ya kupasuliwa. Chombo kilichowashusha binadamu mwezini mwaka 1969 hakikuwa na bawa wala pua. Kilifanana na buibui, na miguu yake iliweza kuwa myembamba kwa sababu uzito wa kitu mwezini ni sehemu moja ya sita tu ya uzito wake duniani. Hewa ya Mirihi nayo, penye uso wa sayari hiyo, ina kanieneo isiyofika hata asilimia moja ya ile ya dunia. Mbunifu anayetaka bawa na aeleze linashika hewa ipi.

Akishaeleza, mfano wake utakabiliwa na mvutano wa hapa hapa Bunju. Bawa ni wenzo. Ukiongeza urefu wake maradufu bila kubadili upana na unene, uzito huzidi mara mbili, na kitovu cha uzito husogea mbali mara mbili. Kwa hiyo nguvu inayolipinda penye shina huzidi mara nne, ilhali mshiko wa shina ni ule ule. Kinga ni ile anayoijua kila mwashi: kiungo cha matofali kisimame juu ya katikati ya tofali la chini, kamwe kiungo juu ya kiungo.

Yote haya huchorwa katika karatasi ya grafu. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, na tofali bapa lina theluthi yake, milimita 3.2. Kinundu kwa bapa ni 8 kwa 3.2, yaani 5 kwa 2. Katika karatasi yenye visanduku vya milimita 2, kinundu huchukua visanduku 5, sawa na sentimita 1. Bapa huchukua 2, na tofali zima 6. Daladala yetu itakuwa na sentimita 21 katika mchoro. Uwiano huo una faida nyingine: mabapa 5 yakipandana hufanya milimita 16, sawa kabisa na vinundu 2, kwa hiyo sehemu ya chombo yaweza kulazwa ubavu ikaingia mahali pake bila kuacha ufa.

Wasio na matofali waweza kutumia kadibodi la maboksi, ambalo unene wake hukaribia ule wa bapa. Tabaka kumi zipangwe na kupimwa kwa rula ili kupata unene halisi wa moja, kisha kila tabaka la mchoro likatwe na kugandishwa juu ya jingine. Kuyeyusha chupa au ndala ili kufinyanga matofali kusijaribiwe darasani, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Kuhusu konda, njia nyepesi ni kuupanua mwili wa daladala hadi vinundu 8. Ndani hubaki 6: viti viwili, na baina yake njia ya vinundu 2. Upana wa chombo kwa uwiano wa kimo huwa meta 2.7, zaidi ya basi dogo lolote la barabarani. Lakini njia ya kwenda mwezini haina magari yanayopishana.