Pikapu ya Theluji Hukaguliwa Uvunguni

Novemba 2022, Orchard Park, mji ulio jirani na Buffalo katika jimbo la New York, ulishukiwa na theluji ya karibu mita mbili kwa siku chache tu. Mitambo ya serikali husafisha barabara za umma. Kipande cha kutoka barabarani hadi mlangoni ni shauri la mwenye nyumba. Ndiyo maana katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, kuanzia Maine hadi Minnesota, pikapu kuukuu iliyoliwa na kutu bado ina wateja. Hufungwa bamba pana la chuma mbele, linaloinuliwa na kushushwa kwa pampu ya haidroli, ikawa ndiyo ya kusukuma theluji pembeni. Pikapu mpya yenye misuli ya kazi hiyo huuzwa zaidi ya dola 40,000, kwa hiyo wazo la kufufua ya zamani lina mantiki. Linaloharibu mradi ni mpangilio wa kazi. Wengi huanza na injini, kisha rangi, halafu milango. Mimi naona gari la namna hii lihukumiwe kwa chesisi yake kabla ya senti moja kutumika, na chesisi ikishindwa, mengine yote hayana maana.

Adui wa gari hilo ni chumvi kuliko baridi. Kila mwaka Marekani humwaga mamilioni ya tani za chumvi barabarani ili theluji iyeyuke hata joto likiwa chini ya sifuri. Chuma huota kutu kikikutana na maji na oksijeni. Maji yakiwa na chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na ulaji wa chuma huenda mbio. Chumvi ya kawaida hudhoofika joto likishuka hadi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na hapo hutumika pia kloridi ya kalsiamu au ya magnesi, ambazo hunyonya unyevu wa hewani. Matope yenye chumvi hizo yakiingia ndani ya chesisi hukawia kukauka, na kutu huendelea kula hata gari likiwa limeegeshwa. Wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani wanapaswa kulijua jambo hili: gari lililoishi kwenye theluji ya Hokkaido linaweza kung'aa juu huku uvungu umeoza, na si bure kwamba karatasi za mnada za huko huweka herufi S penye kutu na C penye chuma kilicholika.

Sasa fikiria uzito. Bamba la chuma pamoja na vyuma vyake vya kushikia hupita kilo 300, na mzigo huo wote unaning'inia mbele ya magurudumu ya mbele. Bamba lina springi za kuliwezesha kujikunja likigonga ukingo wa lami, lakini sehemu ya kishindo bado hupita kwenye boliti na kuingia kwenye chesisi. Chesisi inaweza kuoza hata bila kazi hiyo, tena injini ikiwa nzima. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani suluhu ya hadi dola bilioni 3.4 katika kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia. Jicho peke yake halitoshi hapa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo magamba manene ya kutisha huenda yamefunika chuma ambacho bado kina unene wa kutosha, na chesisi iliyopakwa rangi nyeusi jana huenda ni nyembamba kama kopo. Gonga kwa nyundo, hasa juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi na pale bamba litakapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe, au nyundo huzama.

Kuna watakaosema tundu huzibwa kwa kuchomelea kiraka. Huzibwa, ikiwa tundu ni moja na chuma kinacholizunguka ni kizima. Kiraka kilichoshikizwa kwenye chuma chembamba huhamisha tu mahali pa kukatikia, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla ya kuwasha mashine. Chesisi ikipita mtihani, zinafuata paipu za breki. Mwaka 2015 idara ya usalama barabarani ya Marekani ilifunga uchunguzi wa paipu za breki zilizooza kwenye magari ya General Motors ya 1999 hadi 2003 bila kuagiza yarudishwe. Iliona ni uchakavu wa kawaida wa magari yaliyozeeka kwenye chumvi, ikawataka wenyewe waoshe uvungu na kukagua paipu. Badilisha zote kwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, usiunge vipande. Kisha bolijointi na springi za mbele, betri na altaneta zinazomudu pampu, na mifuko ya mchanga nyuma ya ekseli ya nyuma ili magurudumu yashike. Rangi iache. Fedha yake inunue mafuta ya kinga ya kupulizia ndani ya chesisi kila mwaka, yale yanayopenya. Kinga ya mpira ikipasuka hufungia maji ndani.

Pingamizi kubwa ni kwamba gari jipya halisumbui. Kwa mkandarasi mwenye wateja wengi wanaomsubiri alfajiri, nakubali: siku moja ya kuharibikiwa inaweza kumpotezea mikataba. Lakini mwenye uwanja wake na wa jirani huitumia pikapu saa chache kila dhoruba, na chumvi ileile itaitafuna mpya kama ilivyoitafuna ya zamani, tofauti ni bei ya kinachotafunwa. Usalama wa wengine barabarani ni hoja nzito zaidi. Maine, kwa mfano, hukagua magari kila mwaka. Anayetaka pikapu isitoke kabisa nje ya eneo lake hawasumbui wenzake barabarani, ila breki bado anazihitaji: theluji ikigandamana uwanjani huwa barafu, na mbele ya bamba mara nyingi kuna ukuta wa nyumba.