Magimbi ya Namtumbo yanauzwa kwa macho

Msimu wa ufuta ukifika, wilaya nzima ya Namtumbo inajua bei. Mzigo unapelekwa chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghalani, na siku ya mnada wa SONAMCU, chama kikuu cha ushirika, mkulima anasikia kwa masikio yake kilo imekwenda kwa shilingi ngapi. Mbaazi na soya nazo zimeingia njia hiyo ya stakabadhi ghalani. Sasa teremka bondeni, kwenye unyevu, ambako majani mapana kama masikio ya tembo yamesimama hata kiangazi. Huko hakuna mnada wala mizani. Gimbi linauzwa shambani kwa gunia lililotuna, barabarani kwa fungu, na mwenye kauli juu ya ukubwa wa fungu ni mnunuzi.

Hilo linaniuma, kwa sababu magimbi si zao lisilo na soko. Yana soko ambalo tarehe yake inajulikana miaka kabla. Mwezi wa Ramadhani, futari ya magimbi ya nazi inapikwa Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, Masasi, Tunduru na hapo hapo Namtumbo. Miezi mingine gimbi la kuchemsha linakaa pembeni ya kikombe cha chai ya asubuhi, na Nairobi, ambako wanaliita nduma, hivyo hivyo.

Jiografia nayo imegeuka. Zamani mzigo wa Namtumbo ulitazama Songea, kisha safari ndefu ya Njombe na Iringa hadi Dar es Salaam. Lami ya kutoka Songea kupitia Namtumbo hadi Tunduru, na kuendelea Masasi, imeyasogeza masoko ya kusini. Mchuuzi wa Tunduru anaweza kununua asubuhi na jioni akapanga mafungu yake. Kwa zao linaloharibika upesi likikatwa au kuchubuka, umbali huo mfupi ni pesa.

Anayepoteza ni mkulima asiyepima. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, lile gunia lililotuna, inaendelea, na magimbi yana balaa lake la ziada: hayalingani. Gunia la magimbi makubwa na gunia la vitoto vyake hayana uzito mmoja wala thamani moja. Vikundi vya wakulima vikinunua mizani moja ya kuning'iniza na kuchambua mzigo kwa ukubwa kabla ya kuuza, mazungumzo na dalali yatabadilika siku hiyo hiyo. Wajue pia kwamba tangu 2017 ushuru wa mazao ya chakula umeshuka kutoka asilimia 5 hadi 2, na kwamba mzigo usiozidi tani 1 unaovushwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine hautozwi. Pikipiki yenye viroba viwili haina deni pale kizuizini.

Bei nzuri, hata hivyo, huanzia kwenye jembe. Mbegu ya gimbi ni gimbi lenyewe: unakata kipande chembamba cha juu, unaacha vikonyo vya majani urefu wa shibiri moja, unayapunguza majani yenyewe, unakiweka kivulini siku moja au mbili ili jeraha likauke, ndipo unapanda. Mita 1 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashina, ekari inabeba mashina karibu 6,700. Hata kila shina likitoa nusu kilo tu, ni zaidi ya tani 3. Kazi kubwa ni miezi mitatu ya mwanzo, kabla majani hayajafunika ardhi: palizi, samadi, kupandishia udongo, na kupunguza machipukizi yanayomnyonya mama. Majani yakianza kupungua na kugeuka manjano, kati ya mwezi wa saba na wa kumi na mbili tangu kupandwa, gimbi limekomaa.

Shika gimbi lililokomaa, likate: nyama yake ni kavu na inaacha unga kwenye kisu. Changa linatoa maji, na jikoni halilainiki vizuri. Kuwasha ni jambo jingine. Ndani yake mna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano, ndiyo maana akina mama humenya kwa mikono mikavu au iliyopakwa mafuta, na huchemsha mpaka liive kabisa. Mnunuzi aliyewashwa koo mara moja harudi kwenye meza ile. Na usiyaoshe magimbi ya safari. Udongo mkavu unayalinda na kuoza.

Hofu yangu ni mbegu. Majirani wanapeana vichwa vya gimbi, aina zile zile, bonde hadi bonde. Mwaka 1993 ugonjwa wa kuozesha majani uliingia Samoa, ambako karibu kila shamba lilikuwa na aina moja iliyopendwa na wanunuzi wa nje, na biashara hiyo ikaanguka. Mwaka 2010 ukaikumba Kameruni. Panda aina mbili tatu, usichukue mbegu kwenye shamba lenye madoa ya kuoza.

Kuna pia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto, na gimbi linapenda hapo hapo. Lakini si lazima likanyage maji. Wachagga wanalipanda juu, chini ya migomba na kahawa. Migomba ya nyuma ya nyumba, penye maji ya jikoni na majivu, inatosha kuanzia.

Kilichobaki ni kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na ya 2028 mwishoni mwa Januari, miezi ambayo mahindi ya ndani yanaelekea kwisha na njia za vijijini zimejaa matope, hivyo walio jirani na lami wana nafasi ya kwanza. Mwaka 2030 mfungo utaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena baada ya 25 Desemba. Magimbi ya mfungo huo wa pili yawe ardhini kufikia Machi.