Kiti cha Enzi cha Bunduki

Tunapotoa jembe au cherehani, faida yake inaonekana. Sanaa je? Tutazame Msumbiji. Vita vya 1977 hadi 1992 viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa msukumo wa Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuzibadilisha kwa majembe, baiskeli na cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakapewa vipande. Mwaka 2001 Kester akaviunga kuwa kiti cha enzi. Vilitoka Ureno, Ulaya Mashariki, hata Korea Kaskazini. Hakuna kilichotengenezwa Afrika. Mwaka 2002 kilinunuliwa na British Museum, London. Tungependa kingebaki Maputo, lakini huenda ni vema kitazamwe huko Ulaya, zilikotoka baadhi ya bunduki hizo.