Oksidi katika Kioo, na Jina la Kioo Kilichogeuka

Neno kioo hubeba vitu viwili, cha kujitazamia na cha dirishani, wala wasemaji hawakosi kuelewana. Katika taaluma ya utengenezaji, hata hivyo, jina lisilopambanua huficha jambo kubwa: oksidi kidogo tu hugeuza tabia ya kitu chote.

Asili ya kioo ni silika, yaani mchanga safi, ambao peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Sentigredi. Tanuri za kale hazikulifikia joto hilo. Kwa hiyo hutiwa magadi, kama yale yachimbwayo Ziwa Magadi nchini Kenya. Oksidi ya sodiamu itokayo humo huukata wavu uunganishao silikoni na oksijeni, na mchanganyiko huyeyuka mapema. Lakini kioo cha silika na magadi matupu huyeyuka hata majini! Ndiyo sababu huongezwa chokaa, ambayo kalisi yake hushika mahali pake kwa nguvu kuliko sodiamu.

Oksidi ya risasi huzidisha mng'aro. Ya chuma huleta ukijani, hata usipotakiwa. Ya boroni hupunguza kutanuka kwa joto hadi kama theluthi, na ndiyo iliyoviwezesha vyombo vya Pyrex, vilivyotolewa Marekani mwaka 1915, kustahimili moto.

Mwaka 1953 Donald Stookey, wa kampuni ya Corning, alikuwa akipasha moto kioo chenye lithi, tanuri ikapita kiasi ikafika nyuzi 900 badala ya 600. Kipande hakikuyeyuka, bali kiligeuka cheupe, na kilipoanguka hakikuvunjika. Chembe za fedha zilizokuwamo zilikuwa mbegu, na fuwele ndogo mno ziliota juu yake. Baadaye oksidi ya titani ilitumiwa kwa kazi iyo hiyo.

Kitu hicho kiitweje? "Kioo" hakitoshi, maana kioo hakina fuwele. "Kioo cha fuwele" ni kibaya zaidi, kwani wafanyabiashara wameshakipa jina hilo kioo cha risasi, kisicho na fuwele hata moja. "Kauri" nayo hufinyangwa kwanza, kisha huchomwa; hiki humiminwa, ndipo kikageuka. "Kioo-kauri" lafaa kuliko yote: sehemu ya kwanza yataja kilivyozaliwa, ya pili kilivyokuwa. Ziko aina ambazo fuwele zake ni ndogo kuliko wimbi la nuru, nazo hubaki angavu. Macho hayawezi kuzibagua na kioo cha kawaida.