Kifaa cha Baiskeli cha Bei Kubwa Kina Faida Gani? Hesabu ya Mteremko wa Kirua Vunjo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ni wa kweli kwa embe au kwa kitambaa, ambavyo mnunuzi aweza kuvinusa au kuvishika kabla ya kutoa fedha zake. Kwa vipuri vya baiskeli mambo ni magumu zaidi. Dukani, gololi za chuma kigumu na gololi za chuma laini hung'aa sawasawa. Mipira ya breki iliyo bora na iliyo hafifu yote ni myeusi. Tofauti hujitokeza barabarani, na mara nyingine hujitokeza kwa kuchelewa. Kwa sababu hiyo, swali la kama inafaa kulipa zaidi ili kupata kifaa bora halijibiwi kwa macho. Hujibiwa kwa fizikia na kwa hesabu.

Mahali panapofaa sana kulipima swali hili ni Kirua Vunjo, katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro. Huko juu hustawi migomba na kahawa. Barabara kuu itokayo Moshi kwenda Himo imepita chini, tambarare, na njia ya Kirua huikuta barabara hiyo Uchira. Kwa miaka mingi baiskeli imekuwa chombo cha kuteremshia mikungu ya ndizi na kupandishia chumvi, sabuni na unga. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini baiskeli haijatoweka, na kanuni za maumbile zinazoitawala hazijabadilika.

Nishati ya mteremko

Ichukuliwe kuwa mwendesha baiskeli ana kilo 60, baiskeli yake ya chuma ina kilo 20, na mikungu iliyofungwa nyuma ina kilo 40. Jumla ni kilo 120. Ichukuliwe pia kuwa anashuka kimo cha mita 500. Nishati iliyohifadhiwa katika mzigo huo kwa sababu ya kimo chake ni tungamo mara mvutano wa dunia mara kimo, yaani 120 × 9.8 × 500, ambayo ni juli 588,000. Nishati hiyo yatosha kuchemsha karibu lita moja na robo tatu ya maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi.

Nishati hiyo haipotei. Ikiwa baiskeli itafika chini kwa mwendo ule ule wa pole iliyoanza nao, basi nishati yote imegeuka kuwa joto. Upepo na tairi huchukua sehemu yake, lakini katika mwendo wa pole sehemu kubwa huchukuliwa na breki. Kama mteremko ni wa mita 1 kwa kila mita 10 za njia, safari ni ya kilometa 5; kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa huchukua dakika 15. Gawanya juli 588,000 kwa sekunde 900, na jibu ni wati 653. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya uwezo wa pasi ya umeme ya wati 1,000, ikiwashwa kwa robo saa bila kuzimwa.

Na ikiwa breki zitakataa kabisa? Mtu anayeshuka mita 10 tu za kimo bila kizuizi chochote hufikia mwendo wa mita 14 kwa sekunde, yaani kama kilometa 50 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari, katika njia wanayopita watoto wa shule.

Breki: mahali pa kutumia fedha

Baiskeli nyingi za mizigo za Afrika ya Mashariki, zile za mtindo wa Kiingereza zilizoenezwa na Raleigh na kuigwa na viwanda vya India na Uchina, zina rimu za chuma zilizopakwa kromu, na breki zinazovutwa kwa fito za chuma. Kromu huzuia kutu na hupendeza macho. Kasoro yake huonekana mvua inaponyesha. Utando mwembamba wa maji hukaa kati ya mpira na kromu iliyo laini kama kioo, na msuguano hushuka sana.

Matokeo yake yaweza kuhesabiwa. Katika mteremko wa 1 kwa 10, dunia huvuta baiskeli yetu ya kilo 120 kuelekea chini kwa kani ya karibu niutoni 118. Ichukuliwe kuwa breki kavu yaweza kutoa niutoni 360. Kani inayobaki kwa ajili ya kusimamisha ni niutoni 242, na kutoka mwendo wa kilometa 20 kwa saa baiskeli itasimama baada ya mita 8 hivi. Sasa mvua inyeshe, na msuguano ushuke hadi theluthi. Breki hutoa niutoni 120. Kani inayobaki ni niutoni 2 tu, na baiskeli ile ile yahitaji mamia ya mita ili isimame. Mwendeshaji amekaza mkono kwa nguvu zake zote, lakini hana kingine alichopata isipokuwa kutoongeza mwendo. Msuguano ukipungua zaidi kidogo, mwendo utaongezeka hata kama breki zimekazwa.

Msomaji atazame vema jambo hili. Msuguano umekuwa theluthi, lakini umbali wa kusimama haukuwa mara tatu. Umekuwa zaidi ya mara mia. Katika uwanja tambarare ungekuwa mara tatu tu. Kwa hiyo breki inayotosha kabisa mjini yaweza kuwa hatari huko Kirua wakati wa masika, na hapo ndipo bei ya kifaa bora huwa na maana.

Kifaa bora ni kipi? Kwanza ni mpira wa breki usiolainika upesi kwa joto na usio mgumu kama ubao. Pili ni kuwa na breki mbili zinazofanya kazi, mbele na nyuma, wala si moja. Tatu, kwa mwenye uwezo, ni rimu za aloi ya alumini. Rimu hizo zikilowa hushikika na breki vizuri zaidi kuliko kromu, na hupitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko chuma. Lakini breki za fito hubana rimu kwa upande wa ndani, ilhali rimu za alumini kwa kawaida hutumika pamoja na breki za waya zinazobana ubavuni. Anayetaka kubadili kimoja atalazimika kubadili na cha pili. Gharama hiyo si ndogo, na ndiyo maana yafaa ifikiriwe kabla ya mapambo.

Uzito: mahali pa kuokoa fedha

Wauzaji husifu sana wepesi. Mshindani wa mbio, ambaye ushindi wake ni wa sekunde chache, ana haki ya kuulipia. Mkulima hana. Ikiwa baiskeli ya kilo 20 itabadilishwa kwa ya kilo 18, nishati ya kupandisha mzigo ule ule itapungua kwa sehemu 1 tu kati ya 60. Mtu aliyepunguza kilo 2 za mzigo wake angepata nafuu hiyo hiyo bila kutoa hata senti. Zaidi ya hayo, fremu nyepesi ya bei rahisi yaweza kuwa nyepesi kwa sababu chuma chake ni chembamba, na chuma chembamba hakipendi mikungu ya ndizi.

Tairi nazo zina fumbo lake. Katika lami tambarare, tairi nzuri iliyojazwa upepo vizuri huzuia mwendo wa mzigo wetu kwa kani ya niutoni 10 hivi, na tairi legevu huweza kuzidisha kani hiyo mara mbili. Kwa mtu aendaye kila siku katika tambarare za mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayepanda Kirua ni ndogo mbele ya niutoni 118 za mlima. Na katika hali zote mbili, pampu ni rahisi kuliko tairi mpya.

Gololi, mnyororo na spoku

Gololi njema hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama asilimia 1.5, kisha hukazwa kwa moto. Gololi laini hubonyea, na njia yake huingia vishimo. Hapa nyongeza ya bei kwa kawaida ni ndogo, nayo huokoa kitovu kizima cha gurudumu. Lakini hata gololi bora zitakufa upesi zikikosa grisi na kupata vumbi.

Mnyororo ni kinyume chake. Umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo hatua 24 za mnyororo mpya ni milimita 304.8. Zikifika karibu milimita 308, mnyororo umelika kwa sehemu 1 ya 100 na utaanza kula meno ya magurudumu yake. Mnyororo wa bei ya wastani ukipimwa na kubadilishwa kwa wakati ni bora kuliko wa bei kubwa uliosahauliwa.

Spoku hukatika kwa kuchoshwa, kwani kila mzunguko hulegezwa na kukazwa tena. Kwa sababu mzigo hukaa nyuma, baiskeli za mtindo wa Kiingereza zilipewa spoku 32 mbele na 40 nyuma. Anayenunua gurudumu la nyuma lenye spoku chache kwa kuwa linapendeza amelipa ili apate udhaifu.

Hesabu ya mwisho

Kanuni ya kwanza ni hii: jumlisha bei ya kifaa na malipo ya fundi, kisha gawanya kwa muda kitakaodumu. Kwa mfano, mpira wa breki wa shilingi 1,000 unaodumu miezi 2, pamoja na shilingi 500 za fundi, hugharimu shilingi 750 kwa mwezi. Ule wa shilingi 2,500 unaodumu miezi 6, kwa fundi yule yule, hugharimu shilingi 500. Wa ghali ndio rahisi. Lakini kama ungedumu miezi 3 tu, ungegharimu shilingi 1,000 kwa mwezi, na mnunuzi angekuwa amelipia jina.

Kanuni ya pili haimo katika shilingi. Ni kuuliza: kifaa hiki kikishindwa, nini kitatokea? Taa ya urembo ikizimika, hakuna kitu. Mnyororo ukikatika tambarare, mtu atatembea kwa miguu. Breki ikishindwa katika mteremko uliolowa, hakuna hesabu ya miezi itakayofaa kitu.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi kazi ya kupima mnyororo wa baiskeli ya shule kwa rula, au kulinganisha umbali wa kusimama katika uwanja tambarare ulio mkavu na ulio na maji, kwa mwendo wa pole. Kisha wapige hesabu ya umbali huo katika mteremko wa njia ya kwao. Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo atajua kifaa gani cha kununua kwanza atakapopata fedha, naye ataweza kumweleza mzazi wake sababu.